Forodha ya Pwani na Historia ya Ubia wa Serikali na Wafanyabiashara

Katika sehemu kubwa ya karne ya 19, ushuru wa forodha wa Zanzibar ulikodishwa. Mfanyabiashara alimlipa sultani kiasi walichokubaliana kwa mwaka, kisha akatoza ushuru wa pembe za ndovu, karafuu na nguo; kilichozidi kilikuwa chake. Tangu miaka ya 1830 kazi hiyo ilikuwa mikononi mwa nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, yenye asili ya Kutch, India. Mwaka 1876 kazi hiyo ikachukuliwa na mfanyabiashara Taria Topan. Sultani alipata fedha za uhakika bila kuajiri makarani, lakini madaftari yalikaa kwa mkodishaji, ambaye pia ndiye aliyemkopesha. Deni lilipokua, sultani hakuwa na nafasi ya kumbana.

Awamu ya pili ilikabidhi zaidi ya ushuru. Aprili 1888 Sultani Khalifa aliikodishia Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki utawala na forodha za mwambao wa bara kwa miaka 50. Agosti mwaka huohuo, kampuni ilipojaribu kutwaa madaraka, wenyeji wa Pangani waliinuka wakiongozwa na Abushiri bin Salim, na vita vikaenea pwani. Kampuni ilishindwa, dola ya Ujerumani ikaingilia kwa silaha, na kuanzia Januari 1891 ikatawala yenyewe. Kaskazini mwa eneo hilo, kampuni ya Kiingereza iliyopewa hati ya kifalme mwaka 1888 iliishiwa fedha, na mwaka 1895 Uingereza ikachukua nafasi yake.

Baada ya uhuru, Azimio la Arusha la 1967 liliweka njia kuu za uchumi za Tanzania chini ya umma. Mashirika ya umma yalipolemewa na hasara, Tanzania iligeukia tena wawekezaji katika miaka ya 1990. Mwaka 2000 kitengo cha makontena cha Bandari ya Dar es Salaam kilikodishwa kwa kampuni binafsi. Mwaka 2003 huduma ya maji ya jiji hilo ilikabidhiwa mwendeshaji binafsi kwa miaka 10; serikali iliuvunja mkataba mwaka 2005, na mgogoro ukafika kwenye usuluhishi wa kimataifa.

Hapo ndipo kanuni zikaandikwa: sera ya ubia mwaka 2009, na mwaka 2010 sheria inayodai upembuzi yakinifu kabla ya mkataba na mgawanyo wa vihatarishi baina ya pande mbili. Oktoba 2023, baada ya mjadala mkali wa wananchi, mkataba wa kampuni ya DP World katika Bandari ya Dar es Salaam ulitiwa saini kwa miaka 30, ukiwa na tathmini ya utendaji kila miaka mitano.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ubia huinufaisha nchi pale serikali inapoyasoma mahesabu yenyewe na kuwa na uwezo wa kumwajibisha mbia wake.