Noti Zilizofichwa Katikati ya Vitufe: Hadithi ya Matamasha ya Watu Walioambiwa Wanaimba Vibaya

Wadau, tuanze na kitu mnachokijua wote. Msanii anaingia studio, anaimba verse yake, prodyuza anavua hedifoni, anatingisha kichwa: "Oyaa, sauti imetoka nje, rudia." Anarudia. Bado. Prodyuza anachoka, anasema "acha, nitainyoosha kwenye kompyuta." Dakika mbili baadaye sauti imenyooka kama barabara ya lami, na hakuna anayeuliza swali la msingi: imenyooka kwa rula ya nani?

Rula hiyo ina historia. Na kuna watu wamekaa miaka zaidi ya 40 wakifanya matamasha, msimu baada ya msimu, kwa sababu moja tu: kuikataa. Wengi wao huwezi kuwajua hata wakipita mbele yako. Hawana kiki, hawana walinzi, na ukumbi ukijaa watu mia mbili wanalala wakiwa na furaha. Leo tuwape maua yao.

Kwanza, tatizo lenyewe

Kinanda cha kawaida kina sauti 12, halafu zinajirudia juu na chini. Wataalamu huigawa safari hiyo nzima, kutoka sauti moja hadi pacha wake wa juu, katika vipande 1,200 wanavyoviita senti. Kila kitufe kinapata senti 100, sawasawa, kama viwanja vilivyopimwa na bwana ardhi.

Shida ni kwamba maumbile hayakupima hivyo. Gusa waya mmoja wa gita ukisikiliza kwa makini: ndani ya mlio huo mmoja kuna milio midogo mingi inayopanda juu kwa juu, mmoja baada ya mwingine. Mlio wa tano katika ngazi hiyo unaangukia senti 14 chini ya kitufe cha kinanda kilicho karibu nao. Wa saba unakosa kwa senti 31. Senti 31 si mchezo, karibu theluthi ya hatua nzima kati ya kitufe na kitufe. Kwa maneno mengine, kinanda kila siku kinadanganya kidogo, na sisi tumeuzoea uongo wake mpaka tunaona ukweli ndio umekosea.

Siyo kwamba waliobuni mpango huo walikuwa wabaya. Ulikuwa mkataba wa amani. Vipimo safi vikipangwa kwenye kinanda, wimbo mmoja unakuwa mtamu na mwingine unakuwa kilio. Kugawa 12 sawasawa kulifanya kila wimbo uchezeke popote, kwa gharama ya kila kitu kupinda kidogo. Lakini mkataba ukikaa sana watu husahau kwamba ni mkataba. Wanadhani ni sheria ya Mungu.

Wazee wa kwanza kugoma

Mwaka 1895 kijana mmoja wa Mexico, Julián Carrillo, alichukua kisu na kukitembeza juu ya waya wa fidla, akasogea kidogo kidogo kati ya sauti mbili zilizo jirani. Akakuta humo katikati mna sauti 15 nyingine ambazo hakuna aliyekuwa amempa majina yake. Wazo lake akaliita Sauti ya 13, yaani ile inayoanza pale 12 zinapoishia. Mwaka 1927 Leopold Stokowski, mmoja wa waongozaji wakubwa wa okestra nchini Marekani, aliipiga kazi yake. Na mwaka 1958, mzee akiwa ameshapita miaka 80, alipeleka piano zake 15 kwenye maonyesho ya dunia Brussels, kila moja ikiwa na mgawanyo wake wa sauti. Piano 15! Fikiria tu bili ya usafiri.

Huko Connecticut nako kulikuwa na Charles Ives. Mchana alikuwa mtu wa bima, tena bima iliyomlipa vizuri. Usiku alikuwa mtunzi ambaye karibu hakuna aliyemwelewa. Baba yake, kiongozi wa bendi ya mji, alikuwa anawaimbisha watoto wimbo katika sauti moja huku yeye akiwasindikiza kwa sauti nyingine kabisa, ili masikio yao yakomae. Miaka ya 1923 na 1924 Ives aliandika vipande vitatu vya piano mbili, moja ikiwa imetofautiana na nyenzake kwa robo ya sauti. Ukisikiliza mara ya kwanza unadhani spika imelowa maji. Mara ya tatu unaanza kuona rangi ambazo hukujua zipo.

Halafu yupo baba lao, Harry Partch, aliyezaliwa Oakland, California, mwaka 1901. Huyu hakujadiliana na mtu. Mwaka 1930, akiwa New Orleans, alichukua kazi zake zote za miaka 14 zilizoandikwa kwa mfumo wa kawaida, akazitia kwenye jiko la chuma na kuzichoma. Zote. Akaanza upya na ngazi yake mwenyewe ya sauti 43. Kwa kuwa hapakuwa na chombo duniani cha kuzipiga, akawa fundi seremala: akatengeneza marimba zake, vinanda vyake, na bakuli za kioo zilizokatwa kutoka kwenye chupa kubwa za maabara ya chuo kikuu cha Berkeley. Wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi alizurura Marekani kwa kudandia treni za mizigo, akilala nje, akivuna matunda kwa kibarua, huku akiandika kwenye daftari jinsi watu wa barabarani wanavyoongea. Kwake yeye maongezi ya mtu ni wimbo tayari. Ni kinanda tu kisichoweza kuufuata.

Partch alifariki mwaka 1974 na kuacha mtihani mgumu: muziki upo, vyombo ni seti moja tu. Ukitaka kuupiga, inabidi ulifuate lori.

1981: jamaa mmoja na basuni yake

Hapa ndipo matamasha yanapoingia. Mwaka 1981 mpuliza basuni mmoja wa New York alianzisha American Festival of Microtonal Music. Basuni, kwa wasioijua, ni ule mzumari mrefu wa mbao wa okestra ambao kwenye katuni humsindikiza mhusika mnene akipanda ngazi. Si chombo cha kuleta mapinduzi hata kidogo. Lakini chombo cha kupuliza kina siri: sauti yake unaweza kuipinda kwa midomo na kwa vidole. Mpiga piano hawezi. Kwa hiyo si ajabu kwamba aliyechoka na vitufe alikuwa mtu asiyekuwa na vitufe vya piano mkononi.

Hebu fikiria kazi ya kuandaa tamasha la namna hii. Kwenye shoo ya kawaida wimbo ukiisha unaingia mwingine. Hapa kila mtunzi ana ngazi yake. Piano moja ina nyaya zaidi ya 200, na kuzitunisha upya ni kazi ya saa kadhaa, siyo ya mapumziko ya dakika 15. Mwimbaji aliyefundishwa miaka 20 kukwepa sauti fulani sasa anaombwa atue juu yake bila kutetemeka. Mazoezi yanakuwa mara mbili, malipo yanakuwa nusu. Na mwisho wa siku kuna mtu lazima atasimama mlangoni na kusema: hawa walikuwa wanacheza vibaya.

Ndiyo maana ilibidi kiwe kitu cha kujirudia kila msimu. Tamasha moja ni kituko, watu wanakuja kushangaa na kuondoka. Ukilirudia mwaka wa pili, wa tano, wa kumi, masikio yanabadilika. Wapigaji wanazoea, watunzi wanapata mahali pa kupeleka kazi, na msikilizaji anaacha kuuliza "mbona imekosea?" anaanza kuuliza "hii ni ya nani?"

Mwaka huohuo wa 1981, New York hiyohiyo, La Monte Young alirekodi piano yake aliyoitunisha mwenyewe kwa kutumia ule mlio wa saba wa asili na kuukwepa kabisa wa tano. Alicheza peke yake kwa zaidi ya saa tano. Alivyozitunisha nyaya zile aliweka siri kwa miaka mingi, kama mpishi na viungo vyake vya pilau.

Kilele cha yule mpuliza basuni kilikuja tarehe 6 Juni 1996, kwenye ukumbi wa Alice Tully. Charles Ives alikuwa amefariki mwaka 1954 akiacha simfoni ya ulimwengu mzima ambayo hakuimaliza, rundo la karatasi na maelezo. Jamaa alikaa nazo, akazisoma, akaziunganisha, akaziongoza mbele ya watu kwa zaidi ya saa nzima. Kazi ya mtu wa bima, imeokolewa na mtu wa basuni.

1997: mwaka wenye mikono miwili

Sasa sikilizeni hii. Mwaka 1997 mpiga gita mmoja wa California alianzisha mfululizo mwingine wa matamasha, MicroFest, kule Los Angeles. Magita yenye vyuma vilivyopangwa upya kwenye shingo, vyombo vya Partch vilivyotengenezwa nakala ili visihitaji tena kufuatwa na lori, tungo mpya kila msimu.

Mwaka huohuo, mhandisi mmoja aliyekuwa akitumia hesabu kusoma mitikisiko ya ardhi kwa ajili ya kampuni za mafuta alitoa programu inayoitwa Auto-Tune. Mwaka uliofuata Cher akaitumia kwenye "Believe", na dunia haikurudi nyuma.

Yaani mwaka mmoja, milango miwili. Mmoja ulisema sauti za katikati ni mali, tuzitunze. Mwingine ulisema sauti za katikati ni takataka, tuzifute. Wote tunajua ni upi uliotajirika. Lakini yule wa kwanza hakufa: Februari 2015 kundi lililopiga kazi za Partch kwa vyombo hivyo vya nakala lilichukua tuzo ya Grammy. Miaka 41 baada ya mzee kuzikwa, na 85 baada ya lile jiko la New Orleans.

Na sisi je?

Kuna kitu kinauma kidogo. Wakati Partch anachoma karatasi zake kuutafuta ule mlio wa saba, kule Dodoma Wagogo walikuwa wanaimba nao kila siku. Watafiti wa muziki wameeleza kwamba ngazi ya Wagogo inafuata milio ileile ya asili iliyo ndani ya waya mmoja, wa saba ukiwemo. Hukwe Zawose, aliyezaliwa 1938 na kufariki 2003, aliipeleka ilimba na zeze kwenye majukwaa ya Ulaya, na Wazungu walikaa kimya kumsikiliza. Hakukosea. Kinanda ndicho hakikumfikia.

Zanzibar nako, udi, fidla na kanuni za taarab zilibeba robo za sauti za Kiarabu miaka mingi. Kikundi cha Ikhwani Safaa kipo tangu 1905. Halafu vikaingia vinanda visivyoweza kupinda sauti. Mjadala huo hata Cairo uliwahi kuwaka: kwenye kongamano la muziki wa Kiarabu la mwaka 1932 Wamisri wengi waliitaka piano kama alama ya maendeleo, na baadhi ya wageni wa Ulaya ndio waliowasihi wasiiharibu ngazi yao kwa ajili yake. Maajabu hayo.

Simwambii mtu atupe kompyuta. Auto-Tune ikitumiwa kwa makusudi ni chombo kama vingine, na ngoma kali nyingi zimetoka humo. Ninachosema ni hiki: programu hizi nyingi huja zimeshapangwa kwenye zile sauti 12. Bibi wa Kigogo akiimba leo na faili lake likapita humo bila mtu kufikiri, mashine "itamsahihisha". Itamtoa senti 31 ambazo watu wazima New York na Los Angeles wametumia maisha yao kuzitafuta. Na hakuna atakayejua kwamba kuna kitu kimeibiwa, kwa sababu kitasikika "safi".

Kwa hiyo siku nyingine prodyuza akisema umetoka nje, rudia, hakuna ubishi. Pengine kweli umetoka. Lakini kabla hajabonyeza, muulize: nje ya wapi?

Haya, uwanja ni wenu. Nani amewahi kumsikia babu au bibi yake akiimba wimbo ambao kila ukijaribu kuutafuta kwenye kibodi unagoma? Uandike hapo chini unatoka wapi. Na kama mzee bado yupo, mrekodi kwa simu. Usimnyooshe.