Chuo Kando ya Hori la Tudor

Mei 1951 wanafunzi wa mwanzo waliingia darasani Tudor, kisiwani Mombasa, kusomea umeme na mitambo. Si mbali na karakana zao, hori la Tudor lilijaa na kupwa mara mbili kwa siku, lakini halikuwa somo la mtu. Mwaka 2026 chuo chao, sasa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, kinatimiza miaka 75, na leo hori lenyewe limeingia darasani.

Mbegu ilipandwa 1948. Shule nyingi za wakati ule zilikuwa za misheni, na wazazi wengi wa Kiislamu walichelea kupeleka watoto huko. Bandari ya Kilindini nayo ilihitaji mafundi. Gavana Philip Mitchell akatangaza nia ya kuwapatia Waislamu wa Afrika Mashariki elimu ya ufundi. Seyyid Khalifa bin Harub, Sultani wa Zanzibar, alichangia, na Aga Khan vilevile. Mabohora, jumuiya ya Waislamu wa asili ya Kihindi, nao wakatia mkono. Chuo kikaitwa Mombasa Institute of Muslim Education, kwa mkato MIOME.

Baada ya uhuru, mwaka 1966, milango ilifunguliwa kwa wanafunzi wa dini zote, na jina likawa Mombasa Technical Institute. Mwaka 1972 kikapanda na kuwa Mombasa Polytechnic. Mwaka 2007 kilifanywa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, na tarehe 31 Januari 2013 Rais Mwai Kibaki akakipa hati ya kujitegemea: Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa.

Miongoni mwa shahada zake za kwanza sasa imo ya usimamizi wa rasilimali za bahari. Anayesomea viumbe vya majini hapa hahitaji safari ndefu kuyaona anayosoma. Maji ya bamvua yakishapwa, hori humfunulia mpango wa miti yake: mlilana umesimama mbele kabisa, ukielekea bahari, nyuma yake mkoko, ambao mche wake huota ungali juu ya mti mama, kisha mkandaa, na mchu unaotoa chumvi kwa majani yake. Majina haya mvuvi na mkata boriti waliyajua kabla ya chuo kuwapo. Chuo kinaongeza sababu: chumvi kiasi gani, matope ya aina gani, maji yanakaa saa ngapi, na kwa nini samaki wachanga hukimbilia mizizini.

Maji hayohayo yanateremka hadi mdomoni mwa hori, English Point, ilipo Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya iliyoundwa 1979. Njiani yanabeba maji taka ya mji, na udongo unaoletwa na mito ya msimu, Kombeni na Tsalu. Miti ya hori nayo hukatwa kwa kuni na boriti. Kwa hiyo kujua majina ya miti hakutoshi. Lazima mtu apime, ahesabu, arudi mwezi ujao ahesabu tena, ajue kilichoharibika na namna ya kukitengeneza.

Hiyo ni kazi ya fundi, na haja ya mafundi ni moja ya sababu za chuo hiki kujengwa. Kaulimbiu yake ni Jiddu Tufaulu, yaani tujitahidi tufaulu. Kwenye matope ya Tudor, jitihada huanza kwa kuvua viatu.