Saa ya mpakani inaanza kuhesabiwa wapi? Vipimo vya utendaji katika vituo vya mipaka Afrika Mashariki

Kila ofisi ya umma inayomhudumia mfanyabiashara mpakani siku hizi ina kipimo chake. Forodha inahesabu saa za kuachia mzigo na fedha zilizokusanywa. Mizani inahesabu malori yaliyopimwa, na shirika la viwango linahesabu sampuli zilizokaguliwa. Makala haya yanaeleza vipimo hivyo vilikotoka, vinavyopatikana, na sababu ya takwimu nzuri ya ofisini kwenda sambamba na foleni ndefu barabarani.

Vilikotoka

Utaratibu wa kuwapima watumishi wa umma kwa matokeo ulishika kasi katika kanda hii miaka ya 2000. Kenya ilianza na mashirika ya umma 16 yaliyotia saini mikataba ya utendaji Oktoba 2004, kisha ikaieneza katika wizara na mabaraza ya miji. Tanzania ilianzisha mwaka huohuo Mfumo wa Wazi wa Mapitio na Tathmini ya Utendaji Kazi, ambao watumishi wengi waliujua kwa jina la OPRAS na wengi wao waliujaza mwisho wa mwaka kama fomu nyingine yoyote. Mfumo huo umeshaachwa, na nafasi yake imechukuliwa na ule wa kompyuta uitwao PEPMIS. Rwanda nayo ilianza imihigo mwaka 2006, ambapo mameya wa wilaya huahidi malengo yao mbele ya Rais na baadaye kupangwa kwa alama.

Mamlaka za mapato zilikuwa zimetangulia. Ile ya Uganda iliundwa 1991, ya Kenya ilianza kazi 1995 na ya Tanzania 1996, zote zikiwa na lengo la makusanyo lililowekwa wazi.

Mifumo yote hiyo inapima taasisi moja moja. Mpaka si wa taasisi moja. Shehena ya mahindi au dawa inayopita Namanga au Busia inapita mikononi mwa forodha, uhamiaji, afya ya mimea, viwango, polisi na mizani, tena za nchi mbili, bila kumsahau wakala wa forodha ambaye si mtumishi wa umma kabisa. Kila mmoja anaweza kutimiza lengo lake na lori likalala palepale.

Saa inavyopimwa

Kipimo kinachotumika zaidi duniani ni utafiti wa muda wa kuachia mizigo, uliotungiwa mwongozo na Shirika la Forodha Duniani. Mkataba wa Uwezeshaji Biashara wa Shirika la Biashara Duniani, ulioanza kutumika 22 Februari 2017, unazihimiza nchi kupima muda huo mara kwa mara na kuutangaza. Watafiti hufuata shehena hatua kwa hatua: lori lilipofika, nyaraka zilipowasilishwa, ushuru ulipolipwa, ukaguzi ulipofanyika, ruhusa ilipotoka na lori lilipoondoka. Faida yake kubwa ni kugawa lawama kwa haki. Mara nyingine hubainika kwamba muda mwingi umepotea kabla forodha haijaguswa, wakala akisubiri fedha za ushuru kutoka kwa mwenye mzigo.

Tofauti kati ya utafiti kamili na ripoti ya kawaida ya ofisi iko hapo mwanzo wa saa. Mfumo wa kompyuta wa forodha huanza kuhesabu pale tamko la forodha, au kadhia kama wanavyoiita wa upande wa Tanzania, linapoingizwa, na huacha pale ruhusa inapotoka. Dereva aliyelala siku mbili kwenye foleni kabla ya kufika getini hayumo. Aliyepata ruhusa jioni akashindwa kutoka kwa sababu uwanja umejaa, naye hayumo. Mwaka 2020, wakati wa vipimo vya Covid-19 kwa madereva, foleni ya Malaba ilifika makumi ya kilomita. Kilichowakwamisha wengi wao ni majibu ya maabara, na saa ya forodha haiyahesabu.

Tatizo hili si la Afrika peke yake. Hospitali za Uingereza ziliwekewa lengo kwamba mgonjwa wa dharura ahudumiwe ndani ya saa 4 tangu kufika. Muda wa kusubiri ulipungua kweli. Lakini takwimu zilionyesha pia wagonjwa wengi wakiondolewa au kulazwa dakika chache tu kabla ya saa ya nne kutimia, na kukawa na malalamiko ya magari ya wagonjwa kusubirishwa nje ili saa isianze. Mwanauchumi Charles Goodhart alikuwa ameshaandika mwaka 1975, akizungumzia sera za fedha, kwamba uhusiano wa kitakwimu huvunjika mara unapotumiwa kama chombo cha kudhibiti.

Wastani na mkia wake

Chukua mfano wa kubuni. Malori 10 yamefika mpakani. Tisa yamevuka kwa saa 3 kila moja, na moja limekaa saa 53. Wastani ni saa 8, muda ambao hakuna lori hata moja lililoutumia. Ukitaja lile la katikati, utasema saa 3. Mwenye lori la kumi alikuwa na nyanya.

Kwa mfanyabiashara, kutojua atavuka lini humgharimu kuliko wastani wenyewe, maana ndiko kunakomlazimisha kuweka akiba kubwa ghalani na kulipa dereva siku za tahadhari. Ripoti ya mpaka inafaa iseme asilimia ngapi ya malori yalivuka ndani ya muda ulioahidiwa, na yale yaliyobaki yalikwamia kwa nani. Ripoti nyingi bado zinatoa wastani peke yake.

Malengo yanayogongana

Ofisa wa forodha ana malengo mawili: kukusanya na kuharakisha. Makusanyo huulizwa kila mwezi na wakubwa, kasi huulizwa pale mgeni anapotembelea. Bengt Holmström na Paul Milgrom walionyesha katika makala yao ya 1991 kwamba mtu mwenye kazi kadhaa, akipimwa kwa ukali katika moja, ataziacha nyingine. Ndiyo maana kupandisha thamani ya mzigo na kubishana na wakala hadi jioni kunaweza kumpa ofisa alama nzuri. Dawa si kufuta lengo la makusanyo. Inafaa malengo hayo mawili yaandikwe kwenye karatasi moja na yahojiwe siku moja, na muda wa mabishano ya thamani uhesabiwe peke yake.

Kuna pia wasiohesabiwa kabisa. Katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, mwenye bidhaa za kanda zisizozidi thamani ya dola 2,000 anaweza kutumia cheti rahisi cha uasilia. Wengi wa hawa ni wanawake wanaovuka kwa miguu au kwa baiskeli na magunia mawili matatu. Pale wanapovuka bila kuingizwa kwenye mfumo, hawana saa. Kituo kinaweza kusifiwa kwa kasi ya malori huku mama wa dagaa akisubiri nusu siku kwa cheti kinachopaswa kutolewa papo hapo, au akikata tamaa na kupita njia ya panya.

Nani anapima

Vituo vya huduma kwa pamoja mpakani, kama Holili-Taveta na Rusumo vilivyozinduliwa 2016, na Busia na Namanga vilivyozinduliwa 2018, vimeondoa kusimama mara mbili. Vimerahisisha pia upimaji, kwa kuwa maofisa wa nchi zote mbili wako chini ya paa moja.

Hatua iliyonivutia zaidi ni ya Mombasa. Mkataba wa jumuiya ya bandari na Ukanda wa Kaskazini, uliotiwa saini 30 Juni 2014, uliwaweka pamoja watoa huduma wa umma na wa binafsi, kila mmoja na ahadi yake ya muda. Sekretarieti ya Ukanda wa Kaskazini, yenye makao mjini humo, huchapisha takwimu zake. Mojawapo ya vipimo vyake ni muda unaopita kati ya ruhusa ya forodha na mzigo kutoka bandarini, kipimo kinachowagusa wenye mizigo na wasafirishaji zaidi ya forodha.

Lakini mpimaji wa nje naye si malaika. Benki ya Dunia iliiacha ripoti yake ya Doing Business Septemba 2021, baada ya kubainika kasoro katika takwimu za matoleo ya 2018 na 2020.

Kwa msomaji mwenye malori, rekodi tano zinatosha kuhoji takwimu yoyote ya kituo: saa ya kuingia kwenye foleni, ya kuwasilishwa nyaraka, ya kulipwa ushuru, ya ruhusa, na ya kutoka getini. Dereva aziandike papo hapo, pamoja na jina la ofisi iliyomsimamisha. Chama cha wasafirishaji kikikusanya za miezi mitatu kinaweza kuzipeleka kwenye kamati ya pamoja ya mpaka, ambako wakuu wa ofisi zote hukaa meza moja.