Uraniumu: jiwe lisilosahau shimo lake

Kwa wakaaji wengi wa Kongo, neno uraniumu linaamsha jina moja: Shinkolobwe, karibu na Likasi, mu Haut-Katanga. Madini yake yaligunduliwa mwaka 1915. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, yalipelekwa Marekani na kutumika katika kazi ya kutengeneza bomu la atomiki. Tangu hapo, watu wengi wanafikiri kama kilo moja ya jiwe hilo ni bomu tayari, na kwamba mwenye kuliuzisha kwa siri hawezi kujulikana. Mawazo yote mawili haiko kweli. Kemia ndiyo inaonyesha juu ya nini.

Toka jiwe mpaka moto wa kiwanda

Kati ya atomu 1 000 za uraniumu ya udongoni, karibu 7 tu ni za aina ya 235, ile inayopasuka kwa urahisi na kutoa nguvu. Zingine karibu zote ni za aina ya 238. Kwa hiyo jiwe peke yake haliwezi kulipuka kama bomu, wala kuendesha viwanda vingi vya umeme wa nyuklia.

Kwanza jiwe linasagwa na kulowanishwa mara nyingi na asidi ya salfuriki, ile ya betri ya gari. Uraniumu inayeyuka, mawe mengine yanabaki. Halafu wanaongeza dawa kama amonia, na uraniumu inashuka chini kama unga. Mara nyingi unga huo ni wa njano, ndiyo maana unaitwa keki ya njano.

Unga huo unasafishwa tena kwa asidi ya nitriki, kisha unaunganishwa na fluori. Hapo inapatikana uraniumu heksafluoridi, inayogeuka gesi kwenye joto la nyuzi karibu 56. Fluori inachaguliwa kwa sababu atomu zake zote za asili ziko na uzito mmoja. Basi molekuli moja ikipita nyingine kwa uzito, tofauti inatoka kwa uraniumu tu. Mashine zinazozunguka kwa mbio sana zinatumia tofauti hiyo ndogo kuongeza aina ya 235 mpaka asilimia 3 hadi 5. Mwishoni gesi inarudishwa kuwa unga, unakandamizwa na kuchomwa, na vinatoka vidonge vyeusi vidogo kama ncha ya kidole. Hivyo ndivyo vinavyowekwa mu mabomba ya mtambo.

Alama zinazobaki

Kila hatua inaacha alama. Jiwe linabeba uchafu wa mahali lilipotoka, kama vile vyuma adimu ambavyo mpangilio wake haufanani toka shimo moja mpaka lingine. Sehemu ya uchafu huo inabaki hata mu keki ya njano. Mabaki ya dawa yanaonyesha kiwanda kilitumia njia gani.

Iko na saa pia. Uraniumu 234 inageuka polepole kuwa thoriumu 230. Wakati wa kusafisha, thoriumu inaondolewa, na hesabu inaanza upya. Wataalamu wakipima thoriumu iliyozaliwa tangu siku hiyo, wanaweza kujua uraniumu ilisafishwa zamani gani. Kazi hii inaitwa uchunguzi wa kinyuklia, na inasaidia wakati mzigo umekamatwa bila mwenyewe.

Nguvu ya vipimo hivi ilionekana mwaka 1972 kule Pierrelatte, Ufaransa. Wapimaji walikuta uraniumu yenye asilimia 0,717 ya aina ya 235, pahali pa 0,720. Tofauti ilikuwa ndogo sana, lakini waliifuata nyuma, kiwanda kwa kiwanda, mpaka shimo la Oklo, nchini Gabon. Hakuna mtu aliyeiba. Karibu miaka bilioni 2 iliyopita, udongo wenyewe wa pale uliwaka kama mtambo wa nyuklia na kula sehemu ya 235.

Inamaanisha nini kwa wakaaji

Mwenye kubeba jiwe la uraniumu habebi bomu. Anabeba ushahidi, na anabeba sumu. Mavumbi yake yakiingia mwilini yanaharibu figo, na jiwe linatoa radoni, gesi isiyo na harufu inayoweza kuleta kansa ya mapafu. Kuliweka chini ya kitanda ni kuweka watoto katika hatari.

Mtu akiletewa jiwe au chombo kinachosemwa kuwa cha uraniumu, inafaa asikivunje, asikifungue, asikipeleke nyumbani. Akae mbali, anawe mikono kama alikigusa, na ajulishe viongozi wa serikali. Wapimaji ndio watasema ni nini na kilitoka wapi.