Ramani ya Stephen Bishop: Utumwa na Umiliki wa Maarifa katika Pango la Mammoth, Kentucky

Pango la Mammoth, lililomo katika miamba ya chokaa ya jimbo la Kentucky nchini Marekani, ndilo refu kuliko mapango yote yanayojulikana duniani. Njia zake zilizokwisha kupimwa zinazidi kilomita 680. Maandishi mengi kulihusu huanza na urefu huo, kisha humtaja Stephen Bishop, mtumwa aliyewaongoza wageni humo tangu mwaka 1838, kana kwamba habari zake ni kisa cha kupendeza tu pembezoni mwa sifa za pango. Makala haya yanamweka katikati. Swali lake ni hili: mtu ambaye sheria ilimhesabu kuwa mali alipokuwa ndiye mjuzi mkuu wa mali nyingine ya bwana wake, ujuzi ule ulikuwa wa nani?

Ni lazima kwanza kukumbuka kwamba Bishop hakuwa mtumwa wa kwanza kufanya kazi humo. Juu ya chokaa ya Mammoth limelala tabaka la mawe ya mchanga linalozuia maji ya mvua kupenya, na kwa hiyo njia za juu za pango ni kavu. Katika ukavu huo udongo wake ulihifadhi shura, ambayo ni kiungo cha baruti. Wakati wa vita vya mwaka 1812 dhidi ya Uingereza, watumwa wapatao sabini waliuchimba udongo huo na kuuchuja kwa maji katika matangi ya mbao. Vita vilipokwisha bei ilianguka, na wamiliki wakageukia wageni. Matangi yale yangaliko hadi leo, kwa kuwa ukavu uleule umeyalinda yasioze. Majina ya walioyajenga hayakuhifadhiwa hivyo.

Mwaka 1838 mwanasheria Franklin Gorin alilinunua pango na kumleta Bishop, kijana wa miaka kama kumi na saba. Katika mwaka huohuo Bishop alivuka shimo lililoitwa Bottomless Pit, ambalo hadi hapo lilikuwa mpaka wa safari zote upande ule. Ng'ambo yake alikuta njia mpya na, hatimaye, mito ya chini ya ardhi yenye samaki wasio na macho. Thamani ya pango ilipanda kwa ugunduzi wake. Mwaka uliofuata Gorin aliliuza kwa daktari John Croghan wa Louisville kwa dola 10,000, na Bishop akauzwa pamoja nalo. Mauzo hayo yanastahili kutafakariwa: mgunduzi na alichokigundua walibadilisha mikono katika biashara moja.

Mwaka 1842 Croghan alimpeleka Bishop kwenye makazi ya familia yake, Locust Grove, ili achore ramani ya pango. Aliichora kwa kumbukumbu, mbali na pango lenyewe. Ilichapishwa mwaka 1845 katika kitabu cha safari kinachonasibishwa kwa Alexander Clark Bullitt, na ndani yake Bishop ametajwa kwa jina kuwa mchoraji na mmoja wa waongozaji. Neno mtumwa halipo. Wako wanaouona utajo huo kuwa heshima, nami sipingi kwamba ulikuwa nadra mno katika Kentucky ya wakati ule. Lakini kitabu kilikusudiwa kuvuta wageni, na jina la mwongozaji maarufu lilikuwa sehemu ya kivutio. Heshima na biashara hapa hazitenganishiki.

Kwa vipimo vya mpimaji ramani hiyo ina kasoro: umbali na pembe havilingani sawasawa na hali halisi. Nguvu yake imo katika jambo jingine, yaani jinsi njia zinavyokutana, ipi inapita juu ya nyingine, na wapi mtu ataufikia mto. Huo ni ujuzi wa miguu, wa mtu aliyepita mahali pamoja mara nyingi akiwa na taa mkononi na wageni nyuma yake.

Tofauti yake na ramani ya baadaye inafundisha mengi. Mwaka 1908 Mjerumani Max Kämper, akisindikizwa na mwongozaji Ed Bishop wa ukoo uleule, alilipima pango kwa usahihi mkubwa. Wamiliki waliificha ramani yake, kwa sababu ilionyesha njia zinazopita chini ya ardhi ya majirani, ambao wangeweza kuchimba milango yao wenyewe. Ramani ya Stephen haikufungamanishwa na mipaka ya mashamba yaliyo juu, hivyo haikumtishia mtu. Naona kwamba hiyo ni sababu mojawapo iliyowezesha kuchapishwa kwake hadharani.

Tatizo la mtafiti ni kwamba karibu kila kitu kingine tunachokijua juu ya Bishop kiliandikwa na mabwana au wageni wake. Gorin alisifu akili yake. Wageni walieleza sura yake kwa urefu unaochosha. Kutoka kwake mwenyewe tuna ramani na majina yaliyoandikwa kwa moshi wa mshumaa kwenye kuta. Aidha, inasimuliwa kuwa alitamani kwenda Liberia na familia yake. Habari hiyo ikiwa kweli, inakinza picha ya mtumwa aliyeridhika kwa kuwa alilipenda pango.

Croghan, aliyejaribu mwaka 1842 kuwatibu wagonjwa wa kifua kikuu ndani ya pango bila mafanikio, alikufa kwa ugonjwa huohuo mwaka 1849. Wasia wake uliwaachia watumwa uhuru baada ya miaka saba. Bishop alikuwa huru mwaka 1856, na Liberia hakufika. Mwaka 1857 yeye na mkewe Charlotte waliuza kipande cha ardhi, na watafiti wengi hukubali kwamba alifariki mwaka huohuo.

Kaburi lake lilikaa bila jiwe hadi mwaka 1881, tajiri James Mellon alipotuma moja lililokuwa limetengenezwa kwa ajili ya askari wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Jina la awali lilifutwa, la Bishop likachongwa mahali pake. Mwaka wa kifo uliochongwa juu yake ni 1859.