Rita Jeptoo, mushindi wa Boston mwenye alinyanganywa taji

Kila mara habari inapita kama mukimbiaji fulani wa Kenya ameshikwa juu ya dawa, vijana wenye kufanya mazoezi asubuhi hapa Mabanga wanauliza: ni dawa gani hiyo, na mutu mwenye anajua kukimbia anaitafutia nini? Historia ya Rita Jeptoo inasaidia kuelewa.

Jeptoo alizaliwa mwaka 1981, upande wa Eldoret, magharibi mwa Kenya. Mwaka 2006 alishinda maratoni ya Boston, Marekani, kwa saa 2, dakika 23 na sekunde 38. Kisha jina lake likapungua, akazaa mutoto, watu wengi wakaona ni mwisho wake. Lakini mwaka 2013 akarudi akashinda tena Boston, ile siku mabomu yalilipuka karibu na mustari wa mwisho. Mwezi wa kumi mwaka ule akashinda Chicago pia. Tarehe 21/4/2014, Boston tena: saa 2, dakika 18 na sekunde 57. Hakuna mwanamuke mwenye alikuwa amekimbia mbio hivyo ndani ya njia ile ya Boston. Mwezi wa kumi akashinda Chicago mara ya pili, na alikuwa anangojea zawadi ya dola 500.000 ya mashindano makubwa ya maratoni ya dunia.

Zawadi ile hakuipata. Mwisho wa mwezi wa kumi 2014 ilitangazwa kama mukojo wake, wenye ulichukuliwa tarehe 25/9/2014 akiwa kwa mazoezi, ulikutwa na EPO. Sampuli ya pili, ile inaitwa B, ikaonyesha vilevile.

EPO ni nini? Mwili wetu sisi wote unaitengeneza, ndani ya mafigo. Inaenda kuambia uboho wa mifupa utoe chembe nyekundu nyingi zaidi za damu, na hizo ndizo zinabeba hewa mpaka kwenye misuli. Kukaa mahali pa juu kunafanya mwili utoe EPO zaidi, ndiyo maana wakimbiaji wanapenda Iten, kwenye metre 2.400 hivi. Goma iko kwenye metre 1.500 na kitu. Ile ya sindano inatengenezwa na viwanda kwa wagonjwa wa mafigo wenye damu imepungua. Kwao ni dawa ya kweli. Kwa mutu muzima mwenye afya inaweza kufanya damu kuwa nzito, na damu nzito inaweza kufunga mishipa ya moyo ao ya ubongo. Kwa hiyo kijana mwenye kuambiwa na rafiki kwamba kuna sindano ya kuongeza pumzi, ajue ni mambo hayo.

Jeptoo alikataa kosa. Alisema alitibiwa kisha aksida ya barabarani. Shirikisho la riadha la Kenya lilimufungia miaka 2, lakini shirikisho la dunia (IAAF, wakati ule) likaona adhabu ni ndogo, likapeleka mambo mbele ya Tribinali ya Michezo ya Lausanne, ile tunaita TAS. Mwezi wa kumi 2016 TAS ikaongeza: miaka 4, mpaka tarehe 30/10/2018. Majaji walisema maelezo yake yalikuwa yanabadilika-badilika, na kwamba alikuwa anaenda kwa dokta mara nyingi bila kuambia kocha wake. Matokeo yake yote kuanzia tarehe 17/4/2014 yakafutwa. Boston ya 2014 ikaenda, na Chicago ya 2014 nayo.

Hapa watu wengi wanachanganya. Boston ya 2006 na ya 2013, pamoja na Chicago ya 2013, bado ni zake kwenye vitabu. Hakuna mutu mwenye alionyesha kama alitumia dawa miaka ile. Lakini uliza mupenzi yeyote wa riadha: akisikia Jeptoo, anafikiri sindano kwanza. Mimi naona hiyo ndiyo adhabu yenye haina tarehe ya mwisho.

Na kuna mutu mwengine tunasahau. Buzunesh Deba wa Ethiopia alimaliza wa pili ile siku ya Boston 2014, kwa saa 2, dakika 19 na sekunde 59. Yeye ndiye mushindi sasa, na muda wake ulibakia rekodi ya Boston mpaka 2025, wakati Sharon Lokedi wa Kenya alikimbia saa 2, dakika 17 na sekunde 22. Lakini feza? Tofauti kati ya zawadi ya wa kwanza na ya wa pili ilikuwa dola 75.000, tena dola 25.000 ya rekodi. Miaka ikapita bila kitu, kwa sababu waandalizi walisema wanangoja kwanza Jeptoo arudishe. Mwaka 2024, miaka 10 kisha mbio, kisha habari yake kutoka kwenye gazeti, mutu mumoja wa Marekani mwenye hawakujuana akatoa dola 75.000 mufukoni mwake akamupa. Utepe wa kwenye mustari, ule Deba hajaukata hata leo.