Ngao ya Mtu wa Kawaida

Ndugu wenzangu, mnakumbuka madaftari tuliyozungushiana kidato cha nne, kila mmoja akiandika neno la kuagana? Desturi hiyo ni ya kale. Wanafunzi wa Wittenberg, Ujerumani, walikuwa nayo tangu miaka ya 1540, na mwalimu wao Melanchthon alitia sahihi katika vitabu vingi. Kando ya jina wengi walichorewa ngao ya ukoo. Wala ngao hazikuwa za makabaila peke yao: huko hata mtoto wa fundi au wa mkulima aliweza kujichagulia alama, bila hati ya mfalme, mradi asichukue ya mwenziwe.

Taifa hilohilo ndilo lililoishambulia Saadani kwa mizinga Juni 1889; Bwana Heri bin Juma akaendelea kupigana hadi 1890. Mwaka 1914 Wilhelm Solf, waziri wa makoloni, akaandaa ngao za makoloni. Sisi tukachorewa kichwa cha simba huko huko Berlin, ilhali matajiri wa Bagamoyo, nao watu wasio na ufalme, walikwisha kujichongea fahari zao milangoni. Agosti vita vikazuka, na simba yule akabaki karatasini.